Siku Nilipofungua Semina ya Kudarizi

Kudarizi nilianza nikiwa nimelala chali. Nilikuwa fundi wa kujenga nyumba, na siku moja hapo kwetu Nyabusozi nilikanyaga boriti niliyokuwa nimeipigilia mwenyewe, ikaachia, nikashuka nayo mpaka chini. Mguu wa kulia ukavunjika karibu na goti. Hospitali walinifunga plasta nzito kuanzia pajani hadi kwenye kisigino, wakanirudisha nyumbani na masharti: nisitembee, nisibebe kitu, nisipande popote. Walisahau kuniambia nisiseme.

Nikawa mtu wa kusema. Godoro langu liliwekwa sebuleni, mahali ambapo kila anayepita nilimwona, na kila niliyemwona nilikuwa na la kumwelekeza. Mke wangu nilimfundisha kukoka moto, kazi ambayo alikuwa ameifanya tangu utoto wake bila msaada wangu. Binti yetu nilimwambia anafagia kinyume. Jirani aliyekuja kunipa pole nilimweleza kwa kirefu kwamba choo chake kimepinda, akaondoka bila kunywa chai.

Siku ya tisa mke wangu alikuja na kipande cha kitambaa cheupe, sindano, na uzi wa kijani, akaniwekea kifuani. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaodarizi vitambaa vya makochi na vya meza. Alikuwa amechora jani moja kwa kalamu ya wino.

"Baba," akaniambia, "hili ni jani. Lijaze. Ukimaliza nitakuchorea lingine."

Nilidhani ananitania, lakini sikuwa na la kufanya. Jani lile lilinichukua kutwa nzima. Uzi ulikuwa unanasa kwenye sugu za viganja vyangu, sugu za miaka ishirini ya koleo na matofali, mpaka ikabidi nijipake mafuta ya alizeti kama mtu anayekwenda kukaangwa. Jioni jani lilifanana zaidi na kiwavi aliyeshiba, lakini mke wangu alilisifu sana. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anausifu ule ukimya. Aliketi akanichorea majani mengine sita kwa mkupuo.

Plasta ilipofunguliwa mfupa ulikuwa umeunga, ila goti liligoma kukunja sawasawa, na mpaka leo natembea na fimbo. Kupanda juu ya mapaa kukawa basi. Lakini nilikuwa nimeshanogewa na sindano. Nikawa mwanaume peke yangu kwenye kikundi cha mke wangu. Wenzangu pale senta walinicheka kwa muda wa mwezi mmoja hivi, kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza kuniletea foronya kwa siri, wakitaka niwadarizie majina ya wake zao.

Kazi yangu kubwa kuliko zote ilikuwa kitambaa cha meza chenye ng'ombe na yangeyange. Sisi ni Wasukuma; wazazi wangu walihamia wilaya hii ya Biharamulo na mifugo yao kutoka upande wa Shinyanga nikiwa mdogo, nikakua nikichunga. Picha ninayoipenda kuliko zote duniani ni ile ya ndege mweupe aliyetulia mgongoni mwa ng'ombe, kila mmoja akiendelea na mambo yake. Nilimchora mwenyewe yule ng'ombe, mwekundu wa udongo, na juu yake yangeyange wa uzi mweupe. Miguu ya ng'ombe ilitoka mifupi kidogo kwa sababu kitambaa kiliisha. Nilipomwonyesha mke wangu alikitazama kwa muda, akasema ni kizuri, kwa sauti ileile anayoitumia kusifu watoto wachanga wa watu wengine.

Kisha ukaja ujumbe kwenye simu yake. Kungekuwa na semina ya kudarizi ya siku mbili Biharamulo mjini, kwenye ukumbi wa parokia, kwa vikundi vya kata za Biharamulo na vingine kutoka Ngara. Kila kikundi kilete mshiriki mmoja. Kazi za mikono zitumwe wiki moja kabla ili zipangwe kwenye maonyesho, na zisiwe na jina la mtu, jina la kata tu. Mke wangu alituma vitambaa vitano kwa bodaboda. Changu kilikuwa cha tano, baada ya mimi kuuliza mara tatu kama nafasi bado ipo.

Aliyepaswa kwenda ni yeye. Lakini siku mbili kabla ya safari maharage yote yalikuwa yamemwagwa uani yakingoja kupigwa, na upande wa magharibi mawingu yalikuwa yanajikusanya. Akasema niende mimi. Nijifunze ule mshono wa kuchanganya rangi, ambao ua linaanza jekundu pembeni na kuishia jeupe katikati bila mtu kuona rangi zilipokutana, nirudi niwafundishe wenzangu. Na nisiseme sana.

Asubuhi ya safari nilivaa koti langu la kanisani, nikachukua fimbo yangu, miwani ya kusomea na daftari. Nilikuwa nimejiandaa kwenda kwa bodaboda, mguu ukiwa umenyooshwa pembeni kama mti wa kufungia geti. Bahati ikawa kwamba shemeji ya jirani yetu, dereva wa gari la kusambaza chanjo za mifugo, alikuwa anarudi mjini. Aliponiona nachechemea akanipakia. Kwa sababu ya goti nilikaa mbele. Na tulipofika parokiani, kwa sababu ya goti hilohilo, dereva alishuka, akazunguka, akanifungulia mlango, akanishika mkono.

Sasa jiweke mahali pa watu waliokuwa wamesimama mlangoni pa ukumbi ule. Walikuwa wanamngoja mgeni rasmi kutoka ofisi za wilaya, ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Linaingia gari jeupe. Anashuka mwanaume wa makamo, ana koti, ana fimbo, ana miwani, ana daftari, amefunguliwa mlango na dereva. Na mwanaume huyo amekuja kwenye semina ya kudarizi. Angekuwa nani mwingine?

Aliyenijia mbio alikuwa katibu wa semina, mama mmoja mnene mchangamfu wa kutoka Kaniha, Msukuma mwenzangu. Akanipokea daftari kwa mikono miwili. "Kalibu sana, Mheshimiwa," akasema. "Tulikuwa tunakusubili."

Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya semina. Akasema wanajua, na wanashukuru. Nikamwambia natokea Nyabusozi. Akanipa pole, akawageukia wenzake akawaambia kwa kunisifu kwamba Mheshimiwa ametoka kupita Nyabusozi asubuhi yote hii, yaani anafika hadi vijijini.

Nyuma yake alikuja mwezeshaji, ndiye mwalimu wetu kwa siku zile mbili: mama wa Kihangaza kutoka Ngara, mwembamba, mrefu, mwenye sindano tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kumi au zaidi. Akainama na kuniambia, "Shikamoo, Mheshimiwa." Nami kwa mazoea, nikiona mtu mzima mbele yangu, nikamwambia, "Shikamoo, mama." Tukabaki tunatazamana, shikamoo mbili zimening'inia hewani na hakuna wa kusema marahaba. Nadhani hapo ndipo aliponipenda. Alisema baadaye kwamba hajawahi kuona kiongozi mnyenyekevu namna ile.

Sitaki kujitetea. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwepo. Ilikuwepo pale mlangoni, ilikuwepo nilipokuwa napita katikati ya akina mama waliosimama wakipiga makofi, na ilikuwepo zaidi nilipofikishwa meza kuu. Lakini meza kuu palikuwa na kiti chenye mto, na pembeni yake kigoda cha kupumzishia mguu, ambacho katibu alikileta mwenyewe alipoona natembea kwa shida. Goti langu lilikuwa halijakalishwa vizuri namna ile tangu lilipovunjika. Nikavishwa shada la maua ya karatasi. Nikaletewa soda baridi na korosho kwenye kisahani. Nikajiambia nitawaeleza nikimaliza soda.

Sikumaliza soda. Katibu alisimama akasoma risala, karatasi mbili, kila aya ikiniangalia mimi. Washiriki waliomba fremu za duara za kubania kitambaa, kwa maana wengi walikuwa wanatumia vifuniko vya ndoo vilivyokatwa katikati. Waliomba soko. Waliomba nyuzi zisizochuja. Waliomba pia, na hili lilinishangaza, daraja kwenye kijito fulani huko Bisibo. Kila ombi liliposomwa ukumbi mzima ulinigeukia, na mimi nilifanya nilichowahi kuwaona wageni rasmi wakifanya kwenye mikutano: nilitikisa kichwa polepole na kuandika kwenye daftari. Nikitazama daftari lile leo nakuta nimeandika "fremu", "soko", "nyuzi", "daraja", na chini yake nimechora jani.

Kisha nikaambiwa niseme neno na kufungua semina.

Nilisimama. Akina mama arobaini hivi walitulia. Nilifungua kinywa kwa nia ya kusema mimi si mgeni rasmi, na nadhani ningesema, kama jicho langu lisingeangukia ile karatasi ya risala mezani, pale palipoandikwa nyuzi zisizochuja. Jambo hilo lilikuwa linaniuma moyoni kwa mwaka mzima. Nikajikuta nimeanza. Niliwaambia kwamba nimekwisha kuona kitambaa cheupe cha kazi ya mwezi mmoja kikiingia kwenye beseni la maji kikiwa na waridi jekundu na kutoka kikiwa chote rangi ya zambarau ya kizamani. Niliwaambia kabla ya kushona wauloweke uzi wao mwekundu kwenye maji ya chumvi, wauanike, ndipo wautie kwenye sindano. Niliwaambia kuhusu uzi unaouzwa sokoni umefungwa kwa karatasi nzuri juu, ndani umejaa mafundo. Niliwaambia habari za sindano zinazoshika kutu kwa jasho la vidole na jinsi ya kuzichomeka kwenye kipande cha sabuni.

Ukumbi ukaanza kuitikia kama kanisani. Hawakuwa wamewahi kumsikia mgeni rasmi anayejua kwamba uzi mwekundu unachuja. Walizoea kuambiwa kuhusu fursa. Mama mmoja wa mbele alitoa kitambaa akafuta macho. Nilipoona hivyo nikaogopa, nikamalizia haraka kwa maneno yote ya kiongozi niliyoyakumbuka: kwamba maombi yao nimeyapokea, kwamba nitayafikisha panapohusika, na kwamba sasa natamka semina imefunguliwa rasmi. Mpaka leo sijui panapohusika ni wapi.

Wakati wa makofi yale ndipo mlango wa nyuma ulipofunguka akaingia dada mmoja, kijana wa miaka kama thelathini, kichwani ana kilemba chekundu kwa vumbi, begi mgongoni. Nilimwona katibu akimwendea, akimnong'oneza na kumnyooshea kidole cha kumkanya. Dada yule alianza kusema kitu, akatazama meza kuu, akanitazama mimi na shada langu, akatabasamu. Kisha akaenda kukaa benchi la mwisho. Akapewa kitambaa, sindano na kifuniko cha ndoo.

Asubuhi nzima mwezeshaji alifundisha mshono wa kuchanganya rangi, jambo nililotumwa, na mimi sikuona hata pindo lake. Kila nilipoinuka kusogea, katibu aliinuka pia na kuniuliza Mheshimiwa anahitaji nini. Msalani nilisindikizwa na watu wawili. Nikarudi kwenye mto wangu na korosho zangu, nikawatazama kwa wivu akina mama walioinamisha vichwa juu ya maua yao.

Baada ya chai nikaombwa kukagua maonyesho. Vitambaa vilikuwa vimetandazwa kwenye meza ndefu ukutani, kila fungu na jina la kata yake. Mwezeshaji alitembea kando yangu akinieleza, na washiriki wote nyuma yetu. Alikuwa mtu wa haki, anasifu panapostahili na kukosoa panapostahili, bila kumung'unya maneno. Tukapita Kaniha, tukapita Bisibo, tukafika Nyabusozi. Vitambaa vinne vya mwanzo, pamoja na cha mke wangu, alivipa sifa. Nikavimba kichwa. Kisha akasimama mbele ya cha tano.

Alikitazama upande wa kushoto, akakitazama upande wa kulia, akavaa miwani.

"Huyu, Mheshimiwa, bado ana safari ndefu," akasema. "Mkono wake ni mzito. Na pia mimi sijaelewa. Kuku anafanya nini juu ya kochi?"

Akina mama waliangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Hata mimi leo nakielewa. Lakini wakati ule damu ilinipanda. Nikasema lile si kochi. Nikasema ni ng'ombe, tena ng'ombe wa Kisukuma mwenye nundu, na kila mtu aliyewahi kuchunga angemtambua. Mwezeshaji akajibu kwa upole kwamba mimi nina macho ya huruma, ila hii hapa ni mikono ya kochi. Nikamwambia hiyo si mikono, ni pembe. Akauliza miguu basi iko wapi. Nikamwambia miguu ni mifupi kwa sababu kitambaa kiliisha, na yule juu si kuku, ni yangeyange, na shingo yake imepinda kwa sababu uzi mweupe ulikatika usiku umeme ulipozimika, ukaanzwa upya asubuhi.

Mwezeshaji alivua miwani yake.

"Umejuaje, Mheshimiwa, kwamba umeme ulizimika?"

"Kwa sababu nilikuwa nimeishika mimi sindano," nikasema. "Mimi ni mshiriki wa Nyabusozi."

Katibu alinitazama tangu kwenye viatu hadi kwenye shada la maua, na niliona akirudisha nyuma mambo yote kichwani mwake, mlango wa gari, soda, korosho, safari ya msalani. Akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, kwamba sasa mgeni rasmi yuko wapi.

Kutoka benchi la nyuma mkono mmoja ulinyooka, umeshika sindano yenye uzi wa waridi. "Ni mimi," alisema yule dada wa kilemba cha vumbi. "Lakini naomba msinisumbue, nimefika kwenye petali ya tatu ya ua langu."

Yule dada ndiye aliyeniokoa. Alitueleza kwamba gari lililokuwa likimleta lilipata pancha njiani, akapanda bodaboda, akafika akiwa amechelewa na amechafuka, na katibu akamwambia mgeni rasmi ameshafika hivyo akae nyuma na asifanye kelele. Hotuba yake hakuwa ameiandika. Alikuwa ameitafakari njia nzima bila kupata neno hata moja la kusema kuhusu kudarizi, kwa maana hakuwahi kushika sindano isipokuwa kurudishia kifungo. Alipoona kuna mtu ameshaisema, tena habari ya maji ya chumvi ameijua leo, aliona Mungu amemkumbuka. Alimwomba katibu mambo yaendelee kama yalivyo. Semina ilikwisha kufunguliwa, alisema, na haiwezi kufunguliwa mara mbili.

Katibu hakunisemesha tena mpaka jioni. Kigoda cha mguu kilirudishwa stoo. Lakini shada la maua hakuna aliyekumbuka kunivua, na kwa binamu yangu nilikolala mjini niliingia nalo shingoni, nikaulizwa kama nimeoa tena.

Siku ya pili nilikaa benchini kama watu. Nilishangaa kumwona yule dada wa wilayani amerudi, ingawa ratiba ilimtaka siku ya kwanza tu. Alisema hakulala vizuri kwa sababu ya petali mbili zilizobaki. Tuliketi pamoja, na kwa kuwa somo la jana lilinipita nikiwa meza kuu, mgeni rasmi halisi ndiye aliyenifundisha mshono wa kuchanganya rangi. Alikuwa mwalimu mkali. Alinifumulisha mara nne. Akina mama wote waliendelea kuniita Mheshimiwa, na yeye wakamwita dada, na hakuna aliyeonekana kuona tatizo.

Mbele yetu, kwenye meza kuu iliyokuwa sasa haina mtu, mwezeshaji na katibu walikuwa wanamalizia kitambaa kikubwa cha pamoja. Kilikuwa cha kufunika chakula cha kufunga semina, kisha kibaki kuwa mali ya ukumbi. Pembeni maua, katikati maneno mawili makubwa ya mshono wa mnyororo. Kwa haki, katibu alidarizi neno la kwanza, mwezeshaji akadarizi la pili, kila mmoja akiwa amekaa upande wake wa meza. Kabla ya saa sita wakakiinua juu tukione. Kilikuwa kimeandikwa KALIBU KURA.

Makofi yalianza, yakasita. Katibu aliinamisha kichwa akasoma upande wa mwenzake, akasema kwa heshima kwamba neno la pili limekosewa, kura ni ile ya kuingia kwenye sanduku. Mwezeshaji akasoma upande wa katibu akasema kura yake haina tatizo, tatizo ni hiyo kalibu. Katibu akasema kalibu ndivyo inavyosemwa. Mwezeshaji akasema labda Kaniha. Wakaniita mimi, kwa kuwa nilikuwa Mheshimiwa, niamue. Nilikitazama kwa makini sana, nikatamka kwamba kosa ni moja tu, la neno la pili. Mwezeshaji alinitazama kwa masikitiko. "Pole," akasema. "Na wewe ni walewale."

Yule dada alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa chake. Alipopata pumzi alisema makosa ni mawili, na kwamba yeye kama mtumishi hawezi kupigwa picha mbele ya maneno yale, watu watasema amekuja kuomba kura. Lakini hakuna kati ya wale mama wawili aliyekubali kugusa neno lake. Tukatoka kwenda kunywa chai, kitambaa kikaachwa mezani.

Niliyoyaona baada ya hapo niliyaona kwa sababu goti langu halikunitoa haraka, nikaletewa chai palepale kwenye kona. Mwezeshaji alirudi peke yake, akatazama mlangoni, akaketi upande wa katibu. Kugeuza L kuwa R si kazi kubwa, ni kuongeza tu tumbo na mguu, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Akamaliza, akakata uzi kwa meno, akatoka. Kikombe changu kilikuwa bado hakijapoa alipoingia katibu, naye akatazama mlangoni, akaketi upande wa mwezeshaji. Yake ilikuwa ngumu zaidi, kwa maana R kuwa L ni kufumua. Alifumua kwa ncha ya mkasi, akanyoosha, akashona upya. Wote wawili walipotoka walinikuta pale kwenye kona na kuniashiria kwa kidole mdomoni ninyamaze, kila mmoja kwa wakati wake. Nilitii. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku zile mbili nilipofuata agizo la mke wangu.

Tuliporudi kitambaa kikainuliwa tena. KARIBU KULA. Ile R ya neno la kwanza ilikuwa bado imebaki na kile kijiti cha chini cha L, ikaonekana kama R iliyovaa kandambili, lakini ilisomeka. Dada wa wilayani alipiga makofi akasema sasa kiko sawa kabisa.

Wenyewe hawakupiga. Katibu alikodolea neno lake macho, akauliza nani ameliharibu. Mwezeshaji alikuwa anauliza hilohilo kuhusu la kwake. Kila mmoja alimgeukia mwenzake, kila mmoja akakumbuka alichofanya yeye, na wote wawili wakafunga midomo kwa pamoja. Kisha mwezeshaji akaanza kucheka, cheko la chini chini la kutikisa mabega, na katibu akashindwa kujizuia. Ikabidi waketi. Sindano moja ilitoka kwenye ukosi wa mwezeshaji ikapotea, tukaitafuta sakafuni robo saa nzima kabla ya mtu kuruhusiwa kuvua viatu.

Chakula kililetwa, wali na maharage na kuku, kikafunikwa kwa kitambaa kile, kikafunuliwa, tukala. Mwezeshaji alinipakulia mwenyewe. Aliniambia nikifika nyumbani nimwongezee ng'ombe miguu kwa kuunga kitambaa kingine chini, si aibu, hata nguo huongezwa. Nami nilimwambia nimeelewa, na nikamwamkia tena, na safari hii akaitikia marahaba bila kusita.

Nilifika Nyabusozi jioni, maharage yalikuwa yameshapigwa na kuingizwa ndani, mvua haikunyesha. Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni na simu mapajani. Picha yangu ya meza kuu, shada shingoni, mguu kwenye kigoda, korosho mbele, ilikuwa imezunguka kwenye makundi yote ya wadarizi tangu jana yake asubuhi. Aliingia jikoni, akatoka na maji ya kunawa, akasimama mbele yangu kwa adabu kubwa.

"Mheshimiwa atakula sasa," akauliza, "au atasubiri risala kwanza?"

Nikamwambia nitakula sasa. Baada ya kula nilitoa uzi mwekundu na uzi mweupe, nikamwonyesha pale rangi zinapokutana.